Fahirisi haijui Kasumbalesa



Juzi mdogo wetu mmoja, finaliste wa mambo ya migodi, alinitumia sura ya tatu ya memwari yake niipitie. Amechukua gharama za kinu cha kusaga na kuchenjua shaba kutoka ripoti ya zamani, akazizidisha mara moja kwa namba moja, basi, akapata gharama za leo. Ukurasa mzima wa hesabu, hakuna kosa hata moja la kuzidisha. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi mwenyewe.

Siku yangu ya kutetea memwari nilikuwa na kinu cha dola milioni 40, bei za mwaka 2016. Nilitaka kukipeleka kwenye bei za 2022. Nikachukua fahirisi ya gharama za viwanda inayotoka katika jarida la Marekani la Chemical Engineering, ile ambayo darasani tunaiita tu "indisi". Wastani wa 2016 ulikuwa karibu 542, wa 2022 ulikuwa 816. Gawanya, unapata 1.506. Zidisha, unapata milioni 60 na kidogo. Nikaandika kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini.

Katika jury alikuwemo mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye konsantratere za huku kwetu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii 1.5 nani aliilipa hapa Kolwezi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ni indisi ya kimataifa. Mzee akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake, tukaendelea. Pointi nilipata, diploma nilipata. Swali lilibaki. Leo nataka kuichambua tabia hii yetu, maana naona imekuwa desturi katika memwari, katika devi za kampuni ndogo, na hata katika makaratasi makubwa yanayotumwa kwa serikali.

Kwanza tuitendee haki

Sitaki mtu aseme nimekuja kutukana fahirisi. Bila fahirisi mambo ni mabaya zaidi. Mtu anayechukua bei ya 2010 na kuitumia leo bila kuigusa anadanganya, hata kama hajui.

Kanuni yenyewe ni rahisi: gharama mpya ni sawa na gharama ya zamani, mara fahirisi mpya, gawanya kwa fahirisi ya zamani. Fahirisi ni kikapu. Watu wanachagua vitu fulani, kwa mfano matanki, pampu, mabomba, mshahara wa fundi wa kuchomelea, mshahara wa mhandisi. Kila kimoja wanakipa uzito wake, halafu wanafuatilia bei ya kikapu kile kile mwezi kwa mwezi. Fahirisi ya Chemical Engineering ilianza kuchapishwa miaka ya 1960, na bei za 1957 hadi 1959 ndizo zilizowekwa kuwa 100. Vifaa vinachukua karibu nusu ya kikapu. Kinachobaki ni kazi ya ujenzi, majengo, uhandisi na usimamizi.

Ilikuwepo nyingine iliyo karibu zaidi na sisi: fahirisi ya Marshall & Swift, ambayo mwaka 1926 ndio ulikuwa 100 yake. Hiyo ilikuwa na mstari wake maalum wa uchimbaji na usagaji wa madini. Vitabu vingi vya zamani tulivyosomea vinaitegemea. Lakini jarida liliacha kuichapisha mwaka 2012, na tangu hapo wanafunzi wengi wameikimbilia ile ya viwanda vya kemia bila kujiuliza kama inawafaa.

Inafaa lini? Inafaa ukiwa na kifaa kile kile, ukubwa ule ule, mahali pale pale, na miaka si mingi. Walimu wa gharama hushauri isizidi miaka mitano hivi. Ikikaribia kumi, unabahatisha. Sababu ni kwamba kikapu kinazeeka. Kiwanda cha Luilu, hapa hapa kwetu, kilianza mwaka 1960, wakati fahirisi hiyo ilikuwa karibu 100. Ukifuata kanuni kipofu-kipofu, utasema Luilu mpya ya 2022 ingegharimu mara nane ya ile ya Wabelgiji. Hakuna mhandisi atakayeweka sahihi hapo. Mitambo imebadilika, njia ya kuchenjua imebadilika, masharti ya mazingira yamebadilika. Namba inatoka, lakini haizungumzii tena kitu kile kile.

Basi, tuje kwenye makosa yetu. Mimi nayaona manne.

Kosa la kwanza: kuita kila ongezeko "inflation"

Twende Fungurume. Mradi wa Tenke Fungurume, kabla haujaanza kutoa shaba mwezi wa tatu 2009, ulikuwa umetangazwa kuwa utagharimu kama dola milioni 900. Mwaka mmoja hivi baadaye makadirio yalifika kama dola bilioni 1.75. Karibu mara mbili.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema: bei zilipanda dunia nzima. Ni kweli zilipanda. Mwaka 2007 fahirisi ilikuwa karibu 525, mwaka 2008 ikawa karibu 575. Hiyo ni asilimia 9 na nusu. Chukua milioni 900, ongeza asilimia 9 na nusu, unafika milioni 986. Kutoka hapo hadi 1,750 kuna zaidi ya milioni 760 ambazo fahirisi haizijui kabisa.

Zilienda wapi? Fikiria kazi yenyewe. Unajenga mahali ambapo barabara ni ya kutengeneza, koranti ni ya kutafuta, watu wa kuhamisha wapo, na kila chuma kinatoka ng'ambo. Mradi ule ulibidi uingie hata katika kukarabati kituo cha umeme cha Nseke ili upate nguvu ya kuendesha kiwanda. Nseke haimo katika kikapu cha Marekani. Na wakati ule ule kila mtu duniani alikuwa anajenga mgodi kwa sababu shaba ilikuwa juu, hivyo wenye mitambo na wenye ujuzi walijipangia bei.

Fahirisi inapima bei ya kitu kile kile. Haipimi kazi iliyoongezeka, wala makadirio yaliyokuwa madogo tangu mwanzo. Ukiweka vyote katika gunia moja ukaandika "inflation", umeficha swali ambalo mwananchi na hata mwenye hisa anapaswa kuuliza: katika ongezeko hili, bei ni kiasi gani, kazi mpya ni kiasi gani, na kosa letu la kukadiria ni kiasi gani?

Kuna kitu kingine katika hadithi hiyo. Shaba ilikaribia dola 9,000 kwa tani katikati ya 2008, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeanguka chini ya 3,000. Mwaka 2009 fahirisi nayo ilishuka, ikawa karibu 522. Sasa mtu aliyejenga 2008 alilipa bei za 2008. Hakuna aliyemrudishia tofauti. Fahirisi inapanda na kushuka kwenye karatasi, lakini deni la benki linabaki pale pale.

Kosa la pili: kutumia fahirisi ya kujenga kwa gharama za kuendesha

Hili ndilo la mdogo wetu, na ndilo la memwari nyingi. Fahirisi ile ya 816 inahusu kujenga kiwanda. Haihusu kukiendesha. Kukiendesha ni asidi, chokaa, koranti, mazuti, mipira ya chuma ya kinu, pyesi na mishahara. Kila kimoja kina njia yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, namba za ubaoni tu. Kiwanda kinatumia dola 30 kwa kila tani ya mawe: asidi na dawa nyingine 10, koranti 6, mishahara 5, mazuti 4, mipira ya chuma na pyesi 5. Baada ya miaka kadhaa, mwanafunzi anazidisha yote kwa 1.25. Anapata 37.5.

Sasa tufanye polepole. Asidi imepanda mara 1.6, inakuwa 16. Koranti imepanda mara 1.8, si kwa sababu SNEL imebadilisha bei sana, ila kwa sababu inakatika zaidi na grupu zinanguruma saa nyingi zaidi: inakuwa 10.8. Mishahara imepanda mara 1.1 tu, inakuwa 5.5. Mazuti mara 1.4, inakuwa 5.6. Chuma na pyesi mara 1.2, inakuwa 6. Jumla ni 43.9.

Tofauti kati ya hesabu mbili ni dola 6.4 kwa tani. Kwa kiwanda cha tani milioni moja kwa mwaka, hiyo ni dola milioni 6.4 kila mwaka ambazo hazikuwemo katika mpango. Na bandugu, angalieni vizuri ni mstari gani ulipanda kidogo kuliko yote. Ni mishahara. Siku lile pengo la milioni 6.4 litakapoonekana, meneja hawezi kumwambia mwenye asidi apunguze, wala mwenye mazuti. Anajua mlango gani ulio rahisi kufungua.

Angalieni tena asidi. Hapa kwetu bei ya asidi mara nyingi ni bei ya barabara. Inapita mpaka wa Kasumbalesa na kamiyo, au salfa inapita bandarini na kuja kuchomwa huku. Foleni ya kamiyo ikirefuka, asidi ya Kolwezi inapanda hata kama ya Marekani inashuka. Na kinyume chake kinawezekana pia. Kamoa-Kakula, karibu na mji wetu, wamejenga kiwanda cha kuyeyusha cha uwezo wa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na asidi ni zao lake la pembeni. Asidi nyingi ikitoka hapa hapa nyumbani, bei yetu inaweza kushuka wakati fahirisi ya watu wengine inapanda. Fahirisi haijui Kasumbalesa, na haijui kiwanda cha jirani.

Nikisema ukweli, vitabu vyenyewe havikutudanganya. Ofisi ya Migodi ya Marekani ilitoa mwaka 1987 vitabu viwili vya kukadiria gharama, kimoja cha kuchimba, kimoja cha kuchenjua. Ofisi ile ilifungwa mwaka 1996, lakini nakala zake bado zinazunguka katika simu na kompyuta zetu. Ni kazi nzuri. Uzuri wake si ile milinganyo ambayo sisi tunainakili haraka-haraka. Uzuri wake ni kwamba inagawanya gharama: sehemu hii ni kazi ya watu, hii ni vifaa vinavyokwisha, hii ni mitambo, ili kila sehemu ipandishwe kwa fahirisi yake. Mwandishi alifanya kazi ngumu ya kutenganisha. Sisi tunakuja na kuchanganya tena kwa sababu kuzidisha mara moja kunaokoa jioni moja.

Kosa la tatu: kusahau kwamba tunaishi na pesa mbili

Wazee wetu wanajua inflation kuliko kitabu chochote. Mwaka 1993 serikali ya Zaire ilitoa zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, na franka moja ilichukua zaire mpya laki moja. Watu wa Kolwezi waliokuwa wanangoja mshahara wa Gécamines wakati ule walikuwa wanaona pesa inakufa kati ya asubuhi na jioni. Ndiyo maana leo migodi inahesabu kwa dola, na sisi tunadhani tukiandika dola tumeshamaliza shida.

Hatujamaliza. Dola nayo inapungua nguvu, na franka inapungua mbele ya dola. Ni mambo mawili, na kila moja lina hesabu yake.

Chukua mshahara wa chini wa kisheria. Mwaka 2018 uliwekwa franka 7,075 kwa siku. Wakati ule dola ilikuwa kama franka 1,600 na kidogo, kwa hiyo siku moja ilikuwa kama dola 4.4. Mwaka 2024 dola ilikuwa kama franka 2,800, na kiwango kilikuwa bado kile kile. Siku ile ile ya kazi ikawa kama dola 2.5. Na katika miaka hiyo sita, bei za walaji huko Marekani kwenyewe zilipanda karibu asilimia 25. Maana yake, ili kubaki sawa tu, dola 4.4 za 2018 zilipaswa kuwa kama 5.5 mwaka 2024. Mfanyakazi wa kiwango hicho alikuwa na chini ya nusu yake.

Sasa unganisha na sura ya tatu ya memwari. Mradi unapandisha gharama zake zote kwa fahirisi, pamoja na mstari wa mishahara, na kwenye karatasi mishahara inapanda vizuri. Kwenye bahasha ya mwisho wa mwezi haipandi. Nimefanya kazi katika biro ambako jedwali lilisema mishahara imepanda asilimia 25 na mama mfagiaji aliyekuwa anapita nyuma ya kiti changu alikuwa analipwa kile kile cha miaka mitatu nyuma. Fahirisi ilikuwa inatumika kuomba pesa juu, haikutumika kulipa chini.

Kosa la nne: kuona ni hesabu tu, kumbe ni kontra na sheria

Hapa ndipo linaponiuma mimi.

Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi za mkataba mdogo iliwafungulia Wakongo mlango: kazi hizo ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongo. Vizuri kabisa. Vijana wengi wa hapa wakafungua kampuni, wakaingia kubeba mawe, kusafisha, kupika, kukarabati. Mimi nikaajiriwa na moja, ndogo, ya kamiyo chache. Sitaitaja, wala sitataja waliotupa kazi.

Tulisaini kontra ya miaka miwili kwa bei moja kwa tani. Mimi ndiye niliyeandaa devi. Niliweka asilimia tano kwa mwaka "kwa ajili ya inflation", mteja akaifuta, bosi akasema tusiikose kazi, tukasaini. Halafu ikaja 2022, vita vya Urusi na Ukraine, mazuti yakapanda dunia nzima. Kwenye kazi ya kubeba mawe, mazuti si kitu kidogo pembeni. Mazuti ndiyo kazi yenyewe. Tulienda kuomba tupandishiwe. Wakatuonyesha ukurasa: bei ni ya kudumu. Walikuwa na haki kwa karatasi. Tulimaliza mwaka tumeuza kamiyo mbili na tumewaachisha mashofere wanne. Mmoja wao tulikua naye mtaa mmoja, Manika, na mama yake ananiita mwanangu mpaka leo.

Kitu ambacho kingetuokoa tulikuwa tumekisoma. Ni ile kanuni ya kurekebisha bei: bei mpya ni bei ya mwanzo mara jumla ya vipande, kipande kimoja hakibadiliki, kingine kinafuata mishahara, kingine kinafuata mazuti, kingine kinafuata pyesi. Kila kipande kina uzito wake na bei yake ya siku ya kusaini. Mistari minne katika kontra. Niliijibu vizuri katika mtihani. Katika kontra sikuiandika, kwa sababu kichwani mwangu inflation ilikuwa asilimia moja ya kuongeza mwishoni, si vipande.

Na sheria ya migodi ya 2018 imeweka jambo lile lile katika kiwango cha nchi. Inasema bei ya madini ikipanda zaidi ya asilimia 25 juu ya bei iliyoandikwa katika upembuzi yakinifu wa mradi, faida ile ya ziada inatozwa kodi ya asilimia 50. Wazo ni zuri: neema ikija, taifa lipate. Lakini fanyeni hesabu na mimi. Mradi ulioandika shaba dola 3 kwa ratili mwaka 2018 una mpaka wa 3.75. Tumeona hapo juu kwamba bei za walaji huko Marekani kwenyewe zilipanda karibu asilimia 25 kati ya 2018 na 2024. Yaani dola 3 za 2018 ni kama 3.75 za 2024. Mpaka wa "neema" unaweza kufikiwa bila neema yoyote, kwa kupita kwa miaka tu. Kampuni italalamika, na safari hii italalamika kwa haki.

Msifurahi mapema upande wowote. Kampuni hiyo hiyo ikipandisha gharama zake kwa fahirisi kubwa kuliko ukweli wa Kolwezi, faida inapungua kwenye karatasi, na kodi ya faida inapungua pamoja nayo. Na katika orodha ya ahadi za mgodi kwa wanavijiji, ile tunayoiita kaye de sharji, mara nyingi shule inaandikwa kwa kiasi cha dola kwa mpango wa miaka mitano. Shule ya dola laki moja na ishirini iliyoahidiwa mwaka wa kwanza, ikijengwa mwaka wa tano, simenti na mabati yameshakula darasa moja. Kijiji hakina mtu wa kuuliza fahirisi gani imetumika. Kampuni inaye, serikali angalau inaweza kumtafuta. Kijiji kina sisi, kama tutataka.

Tufanye nini basi?

Kwa wafinaliste, naomba mambo manne madogo.

Moja, kila gharama iandikwe na mwaka wake, mahali pake na pesa yake. Dola za Arizona za 1987 si dola za Kolwezi za leo.

Mbili, tenganisha kujenga na kuendesha. Halafu ndani ya kuendesha, tenganisha vipande. Kama huna fahirisi ya kipande fulani, tafuta faktiri mbili za kweli, ya zamani na ya sasa, na ugawanye. Faktiri mbili za Kolwezi zina thamani kuliko namba nzuri ya ng'ambo.

Tatu, usichanganye inflation na akiba ya dharura. Inflation ni bei kupanda. Akiba ni kwa kazi ambayo hukuiona. Ziandike mistari miwili, ili siku mambo yakiharibika ujue lipi lilikudanganya.

Nne, piga hesabu mara mbili, kwa fahirisi ya dunia na kwa bei za hapa. Zikikaribiana, vizuri. Zikiachana, pale zinapoachana ndipo memwari yako inaanzia.

Kwa sisi tuliomaliza, nina pendekezo. Taasisi ya takwimu na Benki Kuu zinatoa fahirisi ya bei za walaji, lakini hiyo ni ya unga, nyumba na usafiri. Haihusu asidi wala mipira ya kinu. Tuanze ya kwetu. Wengi wetu tuko katika mabiro ya manunuzi, katika usafiri, katika vituo vya mazuti, sokoni. Vitu kumi vinatosha kuanzia: lita ya mazuti, tani ya asidi iliyofikishwa, mfuko wa chokaa, mfuko wa simenti, mipira ya chuma, tairi la kamiyo, usafiri wa tani moja kutoka Kasumbalesa, saa moja ya grupu, siku moja ya fundi wa kuchomelea, na mfuko wa unga wa kilo 25. Huo wa unga ni wa lazima, maana fundi anakula bukari, hali fahirisi.

Hatuhitaji kutoa siri ya kampuni yoyote. Bei ya soko siyo siri. Tunaandika tarehe, mahali, bei kwa franka na kwa dola. Mwezi wa kwanza tunauita 100. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitu ambacho hakipo katika maktaba yoyote, na mtu wa kampuni ndogo anayekwenda kusaini kontra atakuwa na ukurasa wa kuweka mezani.

Najua kuna watakaosema hii ni kazi ya serikali, au kwamba kikapu cha vitu kumi ni kidogo mno. Ni kidogo, kweli. Kina makosa yake: mimi naishi Dilala na ninanunua simenti pale ninaponunua, bei yangu si ya Fungurume wala ya Lubudi. Ndiyo maana nataka watu kutoka kila upande. Anayepinga aandike, tubishane kwa namba.

Daftari langu nimelianza. Lina mistari saba kati ya kumi. Asidi, tairi na usafiri wa Kasumbalesa bado natafuta mtu wa kunipa bei ya kweli kila mwezi. Na yule mdogo wetu, nimemrudishia sura ya tatu. Sikumpa namba. Nimemwandikia pembeni swali la yule mzee, na namba ya simu ya jamaa anayeuza mipira ya kinu.